Tumbo la Mpwani halina kosa

Miaka ya 1980 Waholanzi walianza kusaidia mradi wa ng'ombe wa maziwa mkoani Tanga. Wakulima wadogo walikopeshwa mitamba chotara, ng'ombe wa kufungiwa bandani na kukatiwa majani, mbali na mbung'o na kupe wa porini. Mwaka 1993 vyama vya wafugaji viliungana kuunda chama kikuu cha ushirika, TDCU, na katikati ya muongo huo kikazaliwa kiwanda cha Tanga Fresh, kwa ubia wa wafugaji wa Tanga na wenzao wa Uholanzi. Uholanzi ni nchi ambayo mtu mzima huketi mchana na mkate wake, akateremsha bilauri nzima ya maziwa baridi na asisikie lolote tumboni. Lakini anayefungua friji ya duka jijini Dar es Salaam akitafuta maziwa ya Tanga, mkono wake hukutana na pakiti za mtindi.

Mfanyabiashara atasema sababu ni moja tu: mtindi hauharibiki upesi. Ni kweli, ila si kweli yote. Sababu nyingine imo ndani ya mnunuzi mwenyewe.

Kwenye baraza za Ngamiani jijini Tanga, barabara ya ngapi si hoja, hakosekani mzee anayekataa kikombe cha maziwa freshi. "Mimi na maziwa hatupatani, mwanangu," atamwambia kijana anayemkaribisha. Akiulizwa zaidi atasema tumbo lake bovu, au lina vidonda, au ng'ombe wa siku hizi wanachomwa dawa nyingi mno. Mzee huyohuyo asubuhi amekunywa chai ya maziwa vikombe viwili kwa chapati, na jioni atakunywa tena, na tumbo lisinung'unike. Hajui kwamba kwa miaka arobaini amekuwa akiufundisha utumbo wake kazi.

Sukari ya maziwa huitwa laktosi. Ni sukari mbili zilizoshikana, glukosi na galaktosi, na utumbo mwembamba hauwezi kuipitisha kwenda kwenye damu mpaka zitenganishwe. Mkasi wa kazi hiyo ni kimeng'enya cha laktasi, kinachokaa kwenye ncha za vinyuzi vinavyofunika ukuta wa utumbo kama manyoya ya taulo. Mtoto huzaliwa na mkasi mkali; hana budi, maana maziwa ya mama yana laktosi karibu gramu 7 katika kila mililita 100, wakati ya ng'ombe yana kama gramu 5. Akishaachishwa ziwa, mwili huanza kupunguza kuutengeneza. Hivyo ndivyo ilivyo kwa wanyama wanaonyonyesha kwa jumla, na kwa takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani. Anayebaki na mkasi hadi uzeeni ndiye wa ajabu.

Laktosi isiyokatwa huteremka na kuvuta maji njiani. Ikifika utumbo mpana, bakteria huidaka, huichachua na kutoa haidrojeni na gesi nyingine. Tumbo hujaa, hunguruma, na kipimo kikiwa kikubwa mtu huendesha. Hapo hapana kidonda wala ugonjwa. Ni uchachu uliotokea mahali pasipo pake.

Mwaka 2007 mtaalamu wa vinasaba Sarah Tishkoff na wenzake, wakiwamo Waafrika, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Tanzania, Kenya na Sudan. Watu 470 kutoka jamii 43 walihusika. Walinyweshwa gramu 50 za laktosi iliyoyeyushwa majini, sawa na lita nzima ya maziwa kwa mkupuo mmoja, kisha damu yao ikapimwa kuona kama sukari imepanda. Yalionekana mabadiliko matatu ya vinasaba yanayomwachia mtu mkasi wake ukubwani, na lile lililoenea zaidi kwa wafugaji wa Tanzania na Kenya limezuka ndani ya miaka 7,000 hivi iliyopita, bila uhusiano wowote na lile la Wazungu. Afrika Mashariki ilijifulia mkasi wake yenyewe. Kuna kioja pia: Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, wawindaji wasiofuga hata mbuzi, karibu nusu yao walionekana kuimudu laktosi.

Pwani ya kaskazini mambo yalikuwa mengine. Kilindi na Handeni zina Wamasai na Waparakuyo na mifugo yao, lakini vichaka vya kutoka Pangani kushuka Saadani vilikuwa himaya ya mbung'o. Ushahidi mzuri ni Mkwaja. Miaka ya 1950 kampuni ya mkonge ya Amboni ilifungua ranchi huko ili wafanyakazi wa mashamba wapate nyama. Ng'ombe walichomwa sindano za nagana, ugonjwa unaoletwa na mbung'o, vichaka vikafyekwa vikaota tena, na mwaka 2000 ranchi ikafungwa. Ardhi yake leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na nyati wanalisha palipokuwa na mazizi. Ikiwa kampuni yenye dawa na fedha ilihangaika namna hiyo, mkulima wa zama za babu hakuwa na sababu ya kulizoeza tumbo lake maziwa. Jikoni kwake neno lililotawala lilikuwa tui, na tui la nazi halina laktosi hata chembe.

Hata hivyo maziwa hayakukosekana kabisa, na yalipokuwapo yaliliwa kwa akili. Ibn Battuta alipopita pwani hii mwaka 1331 alikaribishwa Mogadishu kwa wali wa samli, ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoandaliwa pamoja na achari ya ndimu na pilipili. Karamu hiyo ikipakuliwa leo Chumbageni, jijini Tanga, hakuna atakayeuliza ni chakula cha nchi gani. Sasa itazamwe kwa jicho la tumbo. Samli karibu haina laktosi. Katika maziwa ya mgando, bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari hiyo, na wanapomezwa wakiwa hai huendelea na kazi ndani ya utumbo, kwa kuwa nao wana mkasi wao. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani waliulinganisha mtindi na maziwa freshi kwa watu wasio na laktasi, wakahitimisha kwamba mtindi hujimeng'enya wenyewe. Mpishi wa Mogadishu hakuwa na maabara. Alikuwa na wageni ambao hakutaka waumwe tumbo mbele ya kadhi.

Tahadhari moja inafaa hapa, kwa sababu wengi wanaikosea. Kuchemsha maziwa huua vijidudu lakini hakugusi laktosi. Maziwa ya unga yanayo. Ya mbuzi, yanayosifiwa kila mtaa kuwa mepesi, yanayo pia, pungufu kidogo tu. Na mtindi uliochemshwa baada ya kuganda unapoteza bakteria wake walio hai, kwa hiyo unapoteza nusu ya sifa yake. Njia salama ni kuchemsha kwanza na kugandisha baadaye. Uchachu peke yake haumwondoi mdudu wa bruseila aliyeingia na maziwa mabichi.

Turudi kwa mzee wa Ngamiani. Watu husema ukinywa maziwa sana laktasi hurudi. Hairudi, hilo limeandikwa kwenye vinasaba na kuzoea hakulifuti. Wanaozoea ni wapangaji wa utumbo mpana. Mwaka 1996 watafiti Hertzler na Savaiano walichapisha majaribio ambamo watu wasioimudu laktosi walipewa kila siku, kipimo kikipandishwa taratibu, kwa muda usiofika wiki tatu. Uwezo wa bakteria wao kuivunja laktosi uliongezeka karibu mara tatu, na kero ya gesi ikapungua kwa nusu. Bakteria wanaoitumia laktosi bila kutoa gesi nyingi walikuwa wamepata chakula cha kila siku, wakazaliana na kuwasukuma wengine pembeni. Mtu akiacha maziwa, nao hupungua, na darasa huanza upya.

Kikombe cha mililita 250 kina laktosi kama gramu 12. Jopo la wataalamu lililokutanishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani mwaka 2010 lilisema watu wengi wasio na laktasi huhimili kiasi hicho kwa mara moja, kwa usumbufu mdogo au bila usumbufu wowote. Chai ya mzee, yenye robo kikombe ya maziwa, ina gramu 3, tena imeingia pamoja na chapati inayoichelewesha tumboni. Kwa hiyo mzee na maziwa wanapatana vizuri sana. Asichopatana nacho ni bilauri nzima juu ya tumbo tupu.

Hapo ndipo kampeni za maziwa nchini zinapojikwaa. Kila mwaka, kuelekea Juni 1, huja Wiki ya Maziwa na hotuba zake, na katika hotuba hakikosi kutajwa kiwango cha lita 200 kwa kila mtu kwa mwaka, kinachonasibishwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa. Hiyo ni zaidi ya nusu lita kila siku. Mfugaji wa Muheza anahitaji soko na hakuna anayemwonea gere. Lakini ni nadra kusikika ni maziwa gani, kwa kipimo gani, na baada ya kula nini. Mtoto wa darasa la tatu ambaye kwao hawanywi maziwa akipewa pakiti nzima asubuhi kabla ya uji, akarudi nyumbani tumbo linanguruma, mama yake hatasoma utafiti wa 1996. Atasema maziwa ya shule yana sumu, na jirani atamwamini. Kampeni itakuwa imejifukuzia mteja kwa mkono wake.

Nusu kikombe cha mtindi baada ya chakula, kila siku, kwa wiki mbili tatu, kingefanya kazi ambayo hotuba kumi haziwezi. Na asiyetaka maziwa kabisa aachwe. Dagaa wanaoliwa na mifupa yao wana kalsiamu ya kutosha kumtunza mtu.

Basi maziwa yanasingiziwa, lakini kusingiziwa huku kuna sura nyingine iliyo mbaya zaidi, nayo humkuta mtoto.

Mtoto akianza kuharisha, katika nyumba nyingi za pwani jambo la kwanza ni kumkatia. Maziwa yanasimamishwa, kisha chakula, wakati mwingine hata ziwa la mama, ati tumbo lipumzike. Akiharisha tena na tena akakonda, kuna neno linalomsubiri: amebemendwa. Yaani wazazi wamekutana kabla mtoto hajaacha ziwa, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na uchafu huo umemfikia mtoto. Kwingineko husemwa ana chango. Na tangu miaka ya 1980 umeenea nchini uzushi wa meno ya plastiki, ambao umewafanya watoto wachanga wenye homa na kuharisha wapasuliwe fizi na kung'olewa vichipukizi vya meno kwa vyuma visivyo safi.

Neno kubemenda linastahili kutazamwa kwa makini kabla ya kuchekwa. Waliolitunga waliona sawasawa: kuharisha na kukonda hutembea pamoja, na hushika kasi katika umri wa kuachishwa ziwa. Walichokosea ni mkosaji. Badala ya maji ya kisima walimkamata mama. Na mama anayeogopa kuitwa mbemendaji hachelewi tu kwenda kliniki. Anaweza kumwachisha mtoto ziwa akidhani maziwa yake ndiyo yenye najisi, na hapo anamnyang'anya chakula ambacho utumbo wa mtoto ulikuwa bado unakiweza kuliko vyote.

Kinachotokea ndani ni hiki. Virusi vya rota na wenzao hushambulia ncha za vinyuzi vya utumbo, palepale laktasi inapokaa. Mtoto aliyekuwa na mkasi mkali jana, leo mkasi umebutuka. Ukuta wa utumbo, ambao Waswidi waliupima mwaka 2014 wakapata eneo la kama mita za mraba 30, ukubwa wa chumba na sebule ya mpangaji, unabaki na vinyuzi vifupi, kama taulo lililochakaa. Chakula kinapita haraka kabla hakijafyonzwa. Chumvi na zinki vinatoka na choo. Mafuta yanapotea, na vitamini A inayosafiri na mafuta inapotea nayo. Homa inachoma akiba, na hamu ya kula haipo. Akipona na kuugua tena kabla ya kurudisha alichopoteza, urefu ndio unaolipa deni.

Lakini utumbo hujijenga upya. Seli za ukuta wake hubadilishwa kila baada ya siku 3 hadi 5, na fundi huyo anahitaji protini, nishati na zinki. Kumfungisha mtoto ili tumbo lipumzike ni kumnyima fundi udongo wakati ukuta umekwisha bomoka. Tena utumbo haufungi milango yote. Watafiti wa Dhaka walipima watoto waliokuwa wakiharisha wakakuta sehemu kubwa ya chakula bado inafyonzwa.

Mlango mmoja hasa haufungwi hata na kipindupindu. Mwaka 1960 mtafiti Robert Crane alieleza kwamba glukosi na chumvi huingia kwenye seli za utumbo zikishikana mikono, na maji huzifuata. Galaktosi hupita mlango huohuo. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon mpakani mwa India na Bangladesh, daktari Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu akaamua kuutumia mlango huo: maji, chumvi na sukari, vikinyweshwa na ndugu wa wagonjwa. Vifo vilivyokuwa vikifika asilimia 30 vilishuka chini ya 4. Hiyo ndiyo ORS inayouzwa leo kila duka la dawa jijini Tanga kutoka Makorora hadi Pongwe, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Isipopatikana, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja. Kuzidisha sukari ni kosa, kwani sukari ya ziada huvuta maji kama laktosi isiyokatwa, na soda hufanya vivyo hivyo. Dafu ni zuri na lina potasiamu tele, ila sodiamu yake ni haba. Liwe nyongeza, si mbadala.

Na maziwa je, wakati wa kuharisha? Ziwa la mama haliachwi kwa hali yoyote. Kwa watoto wadogo wasionyonya, uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa 2013 uliona kwamba kuondoa laktosi hufupisha kuharisha kwa kama saa 18. Si haba hospitalini. Nyumbani si sababu ya kumnyima mtoto chakula. Kuharisha kukipita siku 14 ni habari nyingine, mtoto apelekwe kituoni, na hata hapo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unaelekeza maziwa ya mnyama yabadilishwe kwa maziwa yaliyochachushwa. Mtindi tena.

Wala si maziwa tu yanayofaidika na uchachu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliwahi kuhimiza kimea: ulezi au mtama uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa, kijiko chake kimoja kinalainisha uji mzito hadi mtoto aweze kumeza unga mwingi kwa tumbo dogo. Miaka ya 1990, Muhimbili, watoto wa miezi 6 hadi 25 waliokuwa wakiharisha walipewa uji wa aina tatu: wa kawaida, uliolainishwa kwa kimea, na uliolainishwa kisha ukachachushwa. Ili kuona ukuta wa utumbo unavuja kiasi gani, walinyweshwa sukari mbili ambazo mwili hauzitumii, na mkojo wao ukapimwa. Waliokula uji uliochachushwa ukuta wao ulianza kuziba upesi zaidi. Utafiti huo umefanyika nyumbani, kwa unga wa nyumbani, na bado ni vigumu kuona bango la kliniki linaloutaja.

Zinki nayo ina historia ya jirani. Kisiwa cha Pemba kinatazamana na Tanga, ng'ambo ya mkondo wenye upana wa kama kilomita 50, na maabara yake ya afya ya jamii ya Ivo de Carneri, iliyofunguliwa mwaka 2000, ilikuwa kituo cha jaribio kubwa la zinki lililohusisha watoto zaidi ya 40,000, matokeo yake yakachapishwa 2007. Zinki ya kila siku kwa watoto wote, wagonjwa na wazima, haikupunguza vifo kwa kiasi cha kutosha kuthibitishwa. Ilipobaki bila mpinzani ni pale mtoto anapoharisha: tangu 2004 mwongozo wa kimataifa ni ORS pamoja na zinki kwa siku 10 hadi 14, na baada ya kupona, mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili. Huo mlo wa ziada ndio unaosahauliwa kuliko vyote. Tanzania iliongeza chanjo ya rota mwanzoni mwa 2013, na mtoto aliyeipata hupungukiwa na hatari ya ile aina kali.

Ila yapo madhara yasiyotoa ishara. Haydom, mkoani Manyara, palikuwa kituo kimoja kati ya nane duniani vilivyofuatilia watoto tangu kuzaliwa kuanzia mwaka 2009. Watoto walikutwa na vijidudu tumboni hata siku ambazo hawakuharisha, na udumavu ulikuwa mkubwa. Wataalamu wakajaribu kuwapa watoto zaidi ya 1,000 wa hukohuko dawa za kuua vijidudu na vitamini ya kundi B; matokeo ya 2021 hayakuonyesha kwamba walirefuka. Kenya magharibi na Zimbabwe zilijaribu vyoo bora, klorini na vifaa vya kunawia mikono kwa maelfu ya familia. Huko nako, kufikia 2018 na 2019, urefu wa watoto haukubadilika, isipokuwa pale palipoongezwa chakula, na hapo kwa kiasi kidogo.

Wapo waliosoma matokeo hayo wakasema maji hayana maana. Wamesoma vibaya. Kilichoshindwa ni kidonge cha klorini na choo cha shimo katika kijiji ambacho mtoto bado anatambaa juu ya kinyesi cha kuku na maji bado yanabebwa kwa ndoo. Utumbo unaomezeshwa vijidudu kila saa hauponi kwa nusu dozi ya usafi. Unahitaji bomba ndani ya ua, maji yasiyokatika.

Kwa hiyo habari kubwa ya lishe mkoani Tanga katika miaka ya karibuni huenda haikuwa ya maziwa. Februari 2024 mamlaka ya maji, Tanga Uwasa, ilizindua hatifungani ya kijani ya Sh53.12 bilioni kwa miaka 10, na wawekezaji wakaleta zaidi ya kilichoombwa. Fedha hizo ni za kupanua maji kwa jiji na kwa Muheza, Pangani na Mkinga, maji ya mto Zigi unaoshuka kutoka misitu ya Amani. Magazeti yaliiandika kwenye kurasa za biashara. Ilistahili kuandikwa pia kwenye kurasa za afya, kwa sababu kila bomba litakalofika ua wa Mkinga ni vinyuzi vya utumbo vilivyoachwa vikue. Nchi imeshusha udumavu kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi 30 mwaka 2022. Mtoto mmoja kati ya watatu, au karibu hivyo, bado ni mfupi kuliko alivyopaswa kuwa.

Wiki ya Maziwa ijayo mkoa huu unaweza kuanza na meza moja. Juu yake uwekwe mtindi, nusu kikombe kwa kila mtoto aliyekwisha kunywa uji, na pembeni pakiti za ORS na vidonge vya zinki pamoja na muuguzi wa kuvieleza. Na mama atakayefika mezani hapo na mtoto anayeharisha mgongoni asiulizwe alilala na nani. Aambiwe aendelee kunyonyesha.